Punje Tano za Mahindi

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote sikumruhusu mwanafunzi hata mmoja awahesabu wenzake darasani. Wengi walidhani ni ukali wangu tu. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini daftari la mahudhurio halijazwi na kiranja kama ilivyo katika shule nyingine, nikamjibu kwamba kiranja wangu ana mwandiko wa kuku. Nilimdanganya. Kiranja yule alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mkaguzi mwenyewe.

Sababu yenyewe ni ndugu yangu wa mwisho. Nilimbeba mgongoni tangu alipokaza shingo mpaka siku aliyokufa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua kwa mdomo wangu. Leo nina akili timamu na meno machache, nimesoma, nimesomesha, najua kifaduro ni nini na kinamwingiaje mtoto. Lakini mtu akiniuliza kama nimeacha kuamini, huwa namwambia aniletee chai kwanza.

Tuliishi kwenye shamba la Kaburu mmoja, kabla hujafika Soy, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Eldoret. Watu wazima hawakusema Eldoret, walisema Sisibo. Wazazi wangu walikuwa wametoka magharibi kufuata kazi, na Baba alikuwa mwendesha ng'ombe wa plau. Alikuwa na sauti iliyofika mwisho wa shamba kabla ya ng'ombe wenyewe. Tulikaa kwenye lain ya wafanyakazi, vibanda vya udongo vilivyopangwa kwa mstari, baridi ikiingia kila mahali palipokuwa na ufa, na ufa ulikuwa kila mahali.

Vita vikuu vya pili vilipoanza kutafuta watu, Baba akachukuliwa. Yeye alisema amejitolea. Mama alisema nyapara ndiye aliyejitolea, akamtoa Baba. Alipoondoka Mama alikuwa na mimba, na hakuna aliyelizungumzia tumbo lile kwa sauti, hata siku ya kuagana, maana kwetu mimba haitangazwi. Baba alipita mlangoni akaliangalia, akaenda zake. Mtoto aliyekuwa humo hakumwona kamwe.

Kisha ukaja mwaka wa nzige. Walikula mahindi, wakala majani, na walipoondoka mvua nayo ikakataa kunyesha. Kaburu akapunguza posho ya wafanyakazi kwa nusu, na wanawake ambao waume zao walikuwa jeshini hawakuwa wafanyakazi wa mtu, kwa hiyo nusu yao ilikuwa hakuna kitu. Mama alikuwa akipokea pesa kidogo kutoka jeshini, sehemu ya mshahara wa Baba, lakini unga ulikuwa umepanda bei mpaka pesa ile ilikuwa kama mate kwenye jiwe la moto. Tulikula mboga za porini. Tulikula mizizi ambayo siijui jina na sitaki kulijua.

Hapo ndipo zikaja habari kwamba ofisi ya serikali mjini itawaongezea wake wa askari shilingi mbili kwa kila mtoto, kila mwezi, mpaka mavuno yarudi. Na pesa hiyo haitapitia kwa baba mkwe, wala kwa shemeji, wala kwa nyapara. Mwanamke ataipokea mwenyewe mkononi mwake. Siku hizi jambo hilo halimshangazi mtu, lakini wakati ule lilitikisa lain nzima. Nyapara alikasirika kama aliyeibiwa. Alisimama kisimani akasema, "Sasa serikali ndiyo imeoa wake zetu." Mama mmoja jirani yetu, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kuamsha mbwa, akamjibu, "Angalau huyo bwana analisha."

Ila kulikuwa na kikwazo kimoja, na kikwazo hicho hakuna Mzungu angeweza kukifikiria. Kwetu mtoto hahesabiwi. Ng'ombe walihesabiwa, tena Kaburu alisimama mlangoni pa boma kila jioni akiwanyoshea kidole mmoja mmoja, na wazee wa lain walisema ndiyo maana hawaishi kufa. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakuambia, "Wapo." Atakuambia, "Mungu hajatunyima." Lakini kusema wanne, au watano, au sita, huko ni kukiita kifo na kukionyesha kwamba hapa kuna wa kupunguzwa. Na karani wa ofisi alitaka idadi. Asiyetaja idadi hakuandikwa.

Yule jirani alikuwa ameshakwenda mwezi wa kwanza, na alirudi na unga na ufumbuzi. Wanawake wa foleni walikuwa wamegundua njia. Kila mmoja alifunga punje za mahindi kwenye ncha ya shuka lake, moja kwa kila mtoto, na akifika mezani alifungua fundo akazimwaga. Karani alizihesabu, akaandika, akamrudishia. Kwa njia hiyo hakuna aliyehesabu watoto. Karani alihesabu mahindi, na mahindi hayafi.

Mama akaamua kwenda. Kulikuwa na gunzi moja lililobaki, la mbegu, lililoning'inia juu ya moto likiwa jeusi kwa moshi. Alipukuchua punje tano akazifunga kwenye shuka bila kutuambia kitu. Wadogo zangu watatu, wavulana wawili na msichana, aliwaacha kwa ajuza mmoja wa pale lain. Mimi, wa kwanza, nilichukuliwa nimbebe mtoto, kwa sababu Mama alikuwa na mguu uliovimba na asingeweza kumbeba njia nzima. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja katika shule ya misheni iliyofunguliwa karibu na shamba, na huko nilikuwa nimejifunza kuhesabu mpaka mia. Nilihesabu kila kitu. Nilihesabu miti ya blugamu kando ya njia, nilihesabu hatua, nilijivuna mno.

Tulitoka na jogoo la kwanza, sisi na yule jirani, tukafika mjini jua likiwa limeshapanda. Foleni ilikuwa imezunguka nyumba ya ofisi. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, wa lugha za kila namna, wamekaa chini, wamesimama, wengine wamelala. Mbele barazani palikuwa na meza, na nyuma yake karani, Mwafrika kama sisi, kijana aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Nimetamani mara nyingi angekuwa mbaya, ningekuwa na wa kumchukia.

Mama alinifunga mtoto mgongoni kwa shuka lake, ncha yenye fundo ikaning'inia kifuani pangu. Akaniambia nikakae kivulini, yeye ashike nafasi.

"Hapa usifungue," akasema, akaligusa lile fundo.

Hakusema kwa nini. Mama alikuwa mtu wa amri fupi, na mimi nilikuwa mtoto wa kutaka sababu. Angeniambia sababu, ningelilinda fundo lile kama mboni ya jicho. Simlaumu. Naeleza tu jinsi ilivyokuwa.

Tulikaa pale mpaka kivuli kikatuhama mara mbili. Mtoto alilia. Maziwa ya Mama yalikuwa yamekauka karibu yote, na asubuhi hiyo alikuwa amenyonya hewa tu. Alilia mpaka sauti ikamwishia, kisha akaanza kuninyonya shingoni, hapa nyuma chini ya nywele, akidhani labda kuna kitu. Sijasahau midomo ile. Nikamzungusha mbele, nikampakata, na mkono wangu ukagusa lile fundo. Nikalibinya. Nikajua ni mahindi.

Nilikasirika. Nilidhani Mama ameficha chakula, na mtoto anakufa njaa mikononi mwangu. Nikalifungua kwa meno. Nilitafuna punje ya kwanza, ngumu kama changarawe, mpaka ikawa uji mdomoni, nikamtemea mdomoni mwake kama nilivyomwona Mama akifanya. Akameza akafungua mdomo tena. Nikampa ya pili. Nikampa ya tatu. Mbili zilizobaki nilikula mimi. Nimeshasimulia habari hii kwa watu wachache, na kwa kila mmoja nilisema zote tano alikula mtoto. Haikuwa kweli. Mbili nilikula mimi.

Mtoto akalala. Nikalifunga fundo upya, tupu, nikidhani Mama hatajua mpaka tufike nyumbani.

Jirani alipita mezani, akamwaga punje zake, akalipwa, akaenda kutungoja barabarani. Mama akaniita. Nikasimama kando yake. Karani hakuinua macho.

"Watoto ni ngapi?"

Mama akashika ncha ya shuka kifuani pangu, akafungua fundo, akakung'uta juu ya meza. Hakikuanguka kitu. Akakung'uta tena. Kisha akanitazama, akautazama mdomo wangu, na naamini aliona unga wa mahindi kwenye pembe za midomo yangu.

"Mama, ni ngapi?" karani akauliza tena.

"Wapo," Mama akasema.

"Wapo siwezi kuandika. Ni ngapi?"

"Ngoja kidogo, nitafute mawe." Akainama, lakini baraza ilikuwa ya saruji, imefagiwa safi. Wanawake walikuwa wakisukuma nyuma yetu. Mzungu aliyekuwa ndani akatoka mlangoni, akaangalia saa yake, akasema kitu kwa Kiingereza, na karani akaanza kufunika kidau cha wino.

"Basi rudi mwezi ujao, Mama. Saa imeisha."

Mwezi ujao. Nilifikiria wale watatu waliobaki kwa ajuza, nikafikiria ile mizizi. Nilijua jibu. Lilikuwa jepesi, la darasa la kwanza, na kwa nini watu wazima walishindwa nalo?

"Tuko watano," nikasema. Na ili asiwe na shaka nikaendelea, kwa vidole, kama tulivyofundishwa. "Mimi moja, wavulana wawili, tatu, msichana mmoja, nne." Nikampigapiga mtoto mgongoni. "Na huyu, tano."

Karani akacheka, akasema huyu binti atakuwa karani. Akaandika. Akahesabu shilingi kumi, akaziweka mkononi mwa Mama, na Mama akazipokea bila kuzitazama.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nasema pesa ile ilikuwa ya laana. Nimewasikia watu wakizungumza hivyo, watu walioshiba. Pesa ile ilitulisha. Siku ile ile Mama alinunua unga na chumvi kwenye duka la Mhindi, na kipande cha sukari guru ambacho tulilambishwa kwa zamu. Kwa majuma matatu tulikula ugali kila jioni. Mtoto alikunywa uji mpaka mashavu yakarudi, akaanza kusimama akishikilia mguu wa kiti na kuanguka na kucheka. Nyapara alipita akaona moshi juu ya paa letu akatema mate. Mama aliishika pesa yake mwenyewe, akaamua mwenyewe, na katika maisha yangu yote ya mwanzo sikuwahi kumwona amesimama wima namna ile.

Lakini siku ile njiani alitembea bila kunitazama. Tulipofika kijitoni akanisimamisha, akaniambia nisukutue mdomo na kutema. Nikasukutua. "Tena," akasema. Nilitema mpaka mate yakaisha. Jirani akasema polepole, "Heri kujikwaa kidole," akaishia hapo, kwa sababu kila mtu anajua methali hiyo inamaliziaje.

Kifaduro kilikuja juma la nne, kikitokea lain ya juu. Tulikohoa sote. Wavulana walikohoa wakatapika, wakaomba chakula. Dada yangu alikohoa akapona. Mtoto hakuweza. Kikohozi kilimshika kikambana mpaka uso ukawa wa buluu, na kilipomwachia alivuta pumzi kwa sauti kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Mama alitumia pesa iliyobaki kununua asali. Alikwenda kwa mke wa Kaburu akasimama mlango wa jikoni asubuhi nzima, akapewa dawa ya kijiko, chungu, isiyofaa kitu. Jirani alileta majani, akayachemsha. Hakuna tulichoacha kujaribu.

Siku ya tisa, mchana, moshi ulikuwa mwingi ndani, na Mama akaniambia nitoke naye nje apate hewa. Nilimfunga mgongoni nikatembea kwenye safu ya miti ya blugamu, nikienda na kurudi. Alikohoa mara moja, kisha akakohoa kidogo, kisha akatulia. Kichwa chake kikaegemea hapa, kati ya mabega. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo amepata usingizi. Nikaendelea kutembea, taratibu, nisimwamshe, sijui kwa muda gani, ila jua liliingia upande wa pili wa miti. Nilimrudisha nyumbani nikamwambia Mama kwa kunong'ona kwamba amelala.

Alizikwa kesho yake, nyuma ya ile miti, mahali ambapo Kaburu aliruhusu. Wanaume wawili walichimba, na haikuwachukua muda. Wanawake wa lain walilia kwa sauti, na jirani yetu alilia kuliko wote, lakini Mama hakulia. Alisimama amekunja mikono. Miaka iliyofuata shamba liliongezwa, ngano ikapandwa mpaka kwenye miti, na Baba aliporudi kutoka vitani hakukuwa na mahali pa kumwonyesha. Alionyeshwa ngano.

Mama hakunipiga. Hakunisema. Aliniwekea chakula kwenye sahani yangu, aliniita nilipohitajiwa, aliniambia kazi za kufanya. Lakini hakunigusa tena. Nywele zangu, ambazo alizisuka kila Jumamosi akinibana kati ya magoti yake, alimwambia jirani anisuke. Nikikaa karibu naye motoni alikumbuka kitu cha kufanya nje. Lile shuka alilikunja akaliweka juu kwenye dari, na alipomwona ndugu yangu mdogo amekaa mapajani mwangu alimwita aje kwake. Hakutoa sababu, lakini safari hii sikuihitaji. Nilikuwa nimemuua mmoja kwa ulimi. Alikuwa akiwalinda waliobaki.

Nilijaribu kuacha kuhesabu. Mwambieni mtoto aliyejifunza kuhesabu aache, mtaona. Nikienda kisimani hatua zilijihesabu zenyewe. Nikawa naimba ili zisijihesabu, na watu wakasema, mtoto huyu ana roho gani, ndugu yake hajakauka kaburini naye anaimba.

Malipo ya mwezi uliofuata yalitupita mtoto akiwa mgonjwa, kisha siku ya malipo mengine ikafika. Mama alisema nitakwenda naye. Mguu wake ulikuwa umepona, na hakukuwa tena na wa kubebwa. Nilielewa kwamba hataki niachwe na wadogo zangu. Wao walibaki kwa ajuza, tukaondoka na jirani kama safari ya kwanza, Mama mbele, jirani katikati, mimi nyuma.

Kwenye foleni jirani alimsogelea Mama. Nilisikia kila neno, kwa sababu hakujua kunong'ona.

"Sikiza, mama. Karani tayari ameandika. Atasoma, wewe utanyamaza, utapokea. Mtoto ameacha chakula chake, wacha ndugu zake wakule. Hiyo si kuiba."

Mama alisogea hatua moja mbele. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani anyamaze apokee. Si kwa ajili ya unga. Niliona kwamba kama kwenye daftari lile bado tuko watano, basi kuna mahali ambapo hajafa.

Tukafika mezani. Karani alinikumbuka, akanikonyeza. Akafunua daftari, akapitisha kidole.

"Watoto tano. Sivyo?"

Mama alinyamaza. Jirani alimgusa mgongoni kwa kidole.

"Mama, ni tano ama si tano?"

"Si tano," Mama akasema.

Karani akaangalia juu. "Watu wanakuja hapa kuongeza, wewe unakuja kupunguza?" Kisha akaona uso wake, na sauti ikabadilika. "Basi leta mahindi nihesabu. Si lazima useme."

"Leo sina mahindi."

Na Mama yangu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutaja idadi ya watoto wa mtu, wake wala wa mwingine, alisimama wima mbele ya wanawake wale wote akahesabu. Hakuhesabu kwa sauti ya chini. Alininyoshea kidole akasema, "Huyu ni moja." Akaonyesha upande wa Soy. "Nyumbani kuna mbili. Tatu. Nne." Kila namba aliisimamisha peke yake, wazi, kama mtu anayepanga sahani. "Nina wanne. Wa tano nimezika."

Mwanamke mmoja nyuma yetu alitema mate pembeni kuondoa mkosi, mwingine akamgeuza mtoto wake asitutazame. Jirani alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Karani alichovya kalamu, akakata alichokata, akaandika alichoandika. "Pole, Mama," akasema, na akalipa shilingi nane.

Tulitoka. Mama hakupita dukani. Alishika njia ya nyumbani kwa hatua ndefu, nami nikamfuata nikiwa karibu kukimbia, jirani akabaki nyuma akituita tumngoje. Tulipovuka daraja la mto Sosiani, Mama akasimama, akageuka.

"Sasa na mimi nimehesabu," akasema. "Kama ni mdomo ulimla, sasa ni midomo miwili. Hutabeba peke yako."

Kwa mwezi mzima nilikuwa nikingoja kusikia kwamba sikufanya mimi. Hakusema hivyo. Hakuweza kusema hivyo, kwa sababu aliamini, kama nilivyoamini, kama walivyoamini mama yake na bibi yake. Alichoweza ni kuja kusimama mahali nilipokuwa nimesimama. Nilikuja kuelewa ukubwa wa jambo hilo baada ya kuzaa watoto wangu mwenyewe. Siku ile nilielewa kitu kimoja tu, nacho kilinitisha.

"Na wale wengine, Mama?" nikauliza. "Sasa wale nao?"

Alinitazama. Macho yake yakawa makubwa.

"Sijui," akasema.

Akanishika mkono, tukaanza kwenda. Tulikwenda haraka, kisha haraka zaidi. Hatukunywa maji kijitoni. Jirani alipotea nyuma yetu. Tulipoanza kuona miti ya blugamu Mama alivua viatu vya Baba alivyokuwa amevaa, akavishika mkononi, tukakimbia, yeye na mimi, mwanamke mzima na mtoto, tukipita katikati ya mahindi makavu ya Kaburu, tukimpita nyapara aliyesimama akashangaa, tukikimbia kama watu waliosikia mbiu ya msiba na hawajui ni ya nyumba gani.

Walikuwa nje ya kibanda cha ajuza. Wavulana walikuwa wakigombania kigurudumu cha waya, na dada yetu amekaa mavumbini anakula kitu ambacho hakupaswa kula. Wakatutazama tunavyohema. Mama akatupa viatu, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mvulana wa kwanza, akaweka juu ya cha wa pili, akaweka juu ya cha dada yetu, bila kusema neno. Kisha akanivuta, akaweka kiganja juu ya kichwa changu. Mkono wake ukateremka, ukapita shingoni, ukafika mgongoni kwangu, kati ya mabega, ukapapasa hapo.

Ndipo alipolia.